Oili ya Nyumba Tatu

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi tu, magari yakiwa yameshafika milimani na kuzoea baridi, palikuwa na kijiji kiitwacho Isumbwe. Kijiji chenyewe kilikaa juu sana, hata mawingu yalipochoka kutembea yalishuka kulala humo. Wingu likishalala barabarani, watu walisalimiana bila kuonana. "Umeamkaje?" "Salama. Kwani wewe nani?" Wazee wa huko walidai kwamba asubuhi za namna hiyo ndoto hupotea njia: ya kwako ikaingia kwa jirani, ya jirani ikaingia kwako, ukaamka unamlilia ng'ombe ambaye hujawahi kumfuga. Msinicheke. Nimeambiwa hivyo na watu waliolia.

Isumbwe nzima ilikuwa na gari moja. Gari dogo la bluu iliyopauka, milango yake haifungi mpaka uibembeleze. Mwenyewe wa kwanza alikuwa Mwalimu Lugano, na alipoona safari yake ya mwisho imewadia aliziita nyumba tatu za majirani zake akaziambia, "Msiliuze. Lileeni kwa zamu, kama ng'ombe wa kukopeshana." Basi likalelewa kama ng'ombe. Masika lililala kwa Ambindwile, mwenye mashine ya kusaga. Kipupwe lililala kwa Bupe, mwanamke muuza viazi. Kiangazi lililala kwa Mzee Gwandumi, ambaye hakuwa na mke wala mtoto, ila alikuwa na subira, tena subira ya kuudhi.

Nyumba tatu, malezi matatu.

Ambindwile alisema, "Injini ni moyo, na moyo haunyweshwi maji ya dimbwini." Kwa hiyo yeye alinunua oili ya sintetiki, ile inayopikwa kwa hesabu na watu wa makoti meupe, nyepesi, rangi ya asali. Kopo lake moja lilikuwa na bei ya mbuzi jike. Mkewe alilalamika hadi sauti ikamkauka: "Sisi tunakula mlenda, gari linakunywa asali!" Ambindwile akamjibu, "Mlenda hautuui, mke wangu. Oili mbaya italiua gari." Akaendelea kununua.

Bupe alisema, "Oili ya kawaida ni oili. Kinachoua injini si urahisi wa bei, ni uchafu." Kwa hiyo yeye alinunua ile ya dukani kwa kila mtu, lakini aliimwaga kabla wakati wake haujafika, akabadilisha na filta, akatia mpya. Hakuwahi kusahau. Hata arusini kwa dada yake alifika kanisani mikono myeusi, akasimama kwenye picha ameificha nyuma, na dada yake hakumsemesha mpaka mavuno.

Naye Mzee Gwandumi alisema, "Mimi sijui ya ghali wala ya rahisi. Najua kungoja." Oili alitia aliyopewa. Lakini asubuhi aliliwasha gari akakaa nalo kidogo, akiliimbia kwa sauti ya puani, kisha akaliondoa polepole kama mtu anayemwamsha mgeni. Kwenye mlima hakulikimbiza. Watoto wa shule walimpita kwa miguu wakimpungia mkono, naye akawapungia bila haya.

Sasa sikilizeni adabu yao, maana ndiyo iliyozaa haya yote. Isumbwe ng'ombe hakabidhiwi akiwa na njaa. Kwa hiyo siku ya kubadilishana zamu, anayetoa hutia oili yake kidogo ya kuagia, anayepokea hutia yake kidogo ya kukaribishia. Ya ghali na ya kawaida zikalala kitanda kimoja. Na tena, ilikuwa aibu kubwa kwa anayepokea kuchomoa kile kijiti cha kupimia oili mbele ya anayetoa. Ni kama kumwambia mwenzako, "Nakushuku hukumlisha." Unapokea, unashukuru, unapima kesho. Adabu nzuri sana hiyo. Injini, kwa bahati mbaya, haina adabu.

Katika kijiji hicho aliishi Anyisile, mjane kijana. Mumewe alifariki kabla mimba haijaonekana, na hakuacha ndugu. Anyisile alibaki na nyumba isiyo na mlango wa maana, jembe, na lile tumbo. Na huko Isumbwe kulikuwa na desturi: mtoto akizaliwa ng'ambo ya Mlima Lwamba, kwenye hospitali, hupewa jina na yule aliyemvusha mama yake. Mpa jina si mtu wa kutaja tu akaenda zake. Huwa mzazi wa pili. Humlisha mtoto na mama, humkuza mtoto kwa mwenendo wake mwenyewe, na mtoto humwita baba au mama mpaka mwisho. Kabla jina halijatajwa, mtoto hatolewi nje kuliona jua.

Basi ikawa asubuhi ya kwanza ya kipupwe, siku ya kubadilishana zamu. Umande ulikuwa umeganda juu ya majani, na wingu limelala hadi kwenye vizingiti. Ambindwile alikuwa amelileta gari kwa Bupe na bado wanashukuriana, ndipo sauti ya mkunga, Mama Sekela, ikatoka ndani ya weupe.

"Jamani! Anyisile ameshikwa na uchungu. Mtoto amekaa vibaya. Hapa mimi simwezi. Mvusheni mlima, la sivyo jioni tunazika wawili."

Oili ya kuagia haikutiwa. Oili ya kukaribishia haikutiwa. Kijiti hakikuguswa. Makopo yakatupwa kwenye buti, Anyisile akalazwa nyuma, kichwa kwa Mama Sekela, miguu kwa Bupe. Ambindwile akakaa mbele. Na kwa kuwa wakati wa wingu hakuna aliyethubutu kuendesha ila mmoja, Mzee Gwandumi akaitwa ashike usukani.

Asubuhi za baridi kama ile, gari lilikuwa na kawaida ya kukohoa na kususa. Siku hiyo mzee aligusa ufunguo, likaitika papo hapo.

"Oili yangu hiyo!" Ambindwile akapiga kelele. "Nyingine zingekuwa zimeganda kama mafuta ya nguruwe!"

Wenzake walikuwa wanamsikiliza Anyisile akihema.

Wakapanda. Wingu likafungua mlango mmoja mweupe, likafunga, likafungua mwingine. Hapakuwa na mti wala shimo wala jua, ila ngurumo ya injini, nayo ilikuwa nyororo isiyo na mkwaruzo hata kwenye kona kali ambako magari mapya hulia.

"Sikieni ilivyo safi," Bupe akanong'ona, huku akiishika miguu ya mwenzake. "Hii ni miaka ya kumwaga na kutia."

Karibu na kilele, taa nyekundu ya oili ikawaka.

Mzee Gwandumi akasimamisha gari. Akazima injini.

"Unafanya nini?" Ambindwile akamuuliza.

"Nangoja."

"Unangoja nini, mzee? Hiyo ni sintetiki, inastahimili moto! Twende!"

"Mzee wangu," Bupe akasema, "injini hii naijua ndani na nje. Haitakufa leo. Twende, nakuomba."

"Tungoje," akasema mzee. "Ikifia hapa juu, haishuki tena."

Ndipo Anyisile akasema, kwa sauti ndogo sana, "Babu, nakufa."

Mzee Gwandumi akalia. Nawaambia alilia waziwazi, machozi yakamfika kidevuni, lakini ufunguo hakuugusa. Alishuka, akafungua boneti, akachomoa kijiti. Kilitoka kikiwa karibu kikavu. Akafungua buti, akakuta kopo la Ambindwile na kopo la Bupe, akayamimina yote mawili bila kuangalia lipi ni lipi. Kisha akasimama kungoja oili ishuke.

Hapo wingu likaingia ndani ya gari kupitia milango isiyofunga, na wote wakasinzia, hata Anyisile katikati ya maumivu. Wanasema waliota ndoto moja, wote. Waliona msichana mdogo amekaa katikati ya barabara, anachezea mawe, anawatazama bila hofu. Alikuwa kama mtu aliyefika mapema, anasubiri wenzake.

Walipozinduka, mzee alikuwa ameshawasha gari na taa imezimika. Wakakivuka kilele. Wakashuka. Wingu likabaki nyuma, na hospitali ikatokea na mabati yake yakimeta.

Daktari alimpasua Anyisile, akamtoa mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Alipotoka akifuta mikono alisema, "Mmewahi. Lakini mngechelewa kidogo tu zaidi ya hapo, ningewakabidhi maiti." Waliomsikia walimgeukia Mzee Gwandumi, naye akainamisha kichwa.

Wakarudi Isumbwe mama na mtoto salama, mtoto amefunikwa kanga gubigubi asilione jua kabla ya jina, pakapigwa vigelegele, viazi vikachemshwa. Lakini shibe haikuwafikisha mbali. Ambindwile alisimama, Bupe akasimama, na Mzee Gwandumi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akigombania kitu, naye akasimama.

Ambindwile akasema, "Jina ni langu. Gari lisingewaka, pasingekuwa na safari ya kubishania. Liliwashwa na nini kwenye baridi ile? Na ile oili ambayo wanangu walikosa nyama kwa ajili yake. Mlinicheka kwamba natupa fedha. Siku hiyo hakuna aliyecheka."

Bupe akasema, "Jina ni langu. Kuwaka kunafaa nini kama injini imejaa tope na inafia kwenye kona ya kwanza? Lile gari ni zee, na uzee wake umebebwa na mikono hii. Oili ya kawaida, kila mara, bila kukosa. Hakuna siku moja iliyoliokoa gari lile. Zililiokoa siku zote."

Mzee Gwandumi akasema, "Jina ni langu. Oili ya ghali na ya kawaida zote zilikuwa zimekwisha ndani ya injini. Wenye oili wote wawili waliniambia niende. Ningewatii, tungekuwa hadi leo tuko kileleni na kaburi letu." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Nami sijawahi kuitwa baba na mtu."

Halafu, kama ilivyo desturi ya watu waliokula wakashiba, kila mmoja akaanza kutafuta doa la mwenzake.

Bupe akamwambia Ambindwile, "Oili ilipungua kwa nini? Fundi alituambia zamani, sili za gari hili, ile mipira ya kuzuia oili isivuje, zimechakaa, na hiyo ya kwako nyepesi hupenya inapopenya. Oili yako ililiwasha gari, na oili yako ndiyo iliyotukimbia njiani."

Ambindwile akamwambia Bupe, "Na wewe unayemwaga kabla ya wakati, mbona hukupima asubuhi ile?"

"Ningepimaje mbele yako? Ungesema nakushuku!"

"Ningesema hivyo, ndiyo. Lakini ungepima."

Wote wawili wakamgeukia mzee. "Na wewe ulisimama, mwanamke anakufa. Daktari alisema nini? Kidogo tu zaidi! Kama angekufa, leo ungesema unadai nini?"

Mzee akajibu, "Nisingedai kitu. Ningekuwa nimejifungia ndani."

Wakamwita fundi wa ng'ambo ili aamue kwa ushahidi. Fundi akachomoa kijiti, akapaka oili kwenye kidole, akanusa, akaitazama kwenye mwanga. "Ipi iliyomo?" wakauliza. Fundi akasema, "Huu ni uji wa nyumba tatu, wazee wangu. Ukishakorogwa, nani atautoa unga wake?" Akala viazi, akaondoka.

Ndipo Anyisile akatokea mlangoni, akiwa amesimama ndani, kwa sababu mtoto alikuwa mikononi na hajapata jina.

"Mnabishana kuhusu gari," akasema. "Mimi nafikiria binti yangu. Nikimpa kaka Ambindwile, najua mwanangu atapata kilicho bora, na najua kuna siku wengine mezani watakosa kwa ajili yake, naye atajua. Dada Bupe hatampa cha pekee. Atampa cha kawaida, leo, kesho, na siku ya arusi ya mtu, bila kumsahau. Na babu..." Akamhamishia mtoto bega la pili. "Babu aliniacha nilie. Nilimchukia pale juu, nisidanganye. Nadhani ndiye pekee ambaye angekubali kuchukiwa ili niishi. Lakini ni mzee. Atamwita mwanangu kwa jina kwa miaka mingapi?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Nawapenda nyote watatu, na hilo ndilo linaloniua. Desturi inataka mmoja. Mimi nimeshindwa, na mwanangu anakaa gizani akininyonya huku jua linapita dirishani."

Siku hiyo jua lilikuwa kali, wingu halipo, majani yote yanameta, na yule mtoto alikuwa ameanza kugeuza kichwa kuufuata mwanga.

Wenzangu, msiniangalie mimi. Mimi nimeshachagua, kisha kila nikilala nabadilisha. Wapo wanaonunua kilicho bora kwa kujinyima. Wapo wanaotoa cha kawaida bila kuchoka. Wapo wanaojua kusimama wakati wote tunawapigia kelele waende. Nyinyi mmesikia deni la kila mmoja na doa la kila mmoja, na mama amesimama mlangoni, mguu mmoja tayari umefika kizingitini.

Je, amkabidhi nani mtoto, ili ampe jina, na mtoto atolewe nje?