Miche ya Mbega na Wizi wa Mtani

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hizo? Ugali mmekula, nimewaona. Itikieni kama watu. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, kale ambayo hata babu yangu aliisikia tu, palikuwa na milima miwili inayotazamana. Katikati yake uwanda mpana, wa juu, wenye baridi, umejaa miti. Mbega alikaa mlima wa huku. Binti yake Sikitu aliolewa mlima wa kule. Wakitaka kuonana waliruka tawi hadi tawi, wakafika.

Moto ukaja. Vuuu! Miti yote ya uwandani ikateketea. Zikabaki nyasi, na ndani ya nyasi Chui. Mbega ni wa juu. Akitembea chini kutwa nzima, huyo ni kitoweo. Basi mama akabaki huku, mtoto akabaki kule.

Kila asubuhi Mbega alipanda tawi la juu kabisa, akaita, "Rurrr! Rurrr!" Na kule ng'ambo Sikitu akajibu, "Rurrr!" Hivyo tu. Sauti anaipata, mtoto hampati. Alitamani amguse, amuulize kama mkwe anamtunza. Alikula majani bila kujua kama ameyala.

Siku moja akasema, "Nitapanda miti mpaka nifike kwa Sikitu."

Akaokota mbegu za msonobari, akasia kitalu bondeni, penye joto. Miche ikaota. Jamani, alivyoipenda. Maji asubuhi, maji jioni. Akaifunika kwa nyasi, usiku akaongeza nyasi nyingine. Miche ikawa mirefu, laini, ya kijani kibichi.

Sasa, Mbega alikuwa na mtani wake, Pimbi, mkaaji wa majabali ya uwandani. Utani mnaujua. Mtani akija kwako anachukua anachotaka, na wewe hukasiriki. Pimbi akaja na mdomo wake.

"Mtani, hivi vichanga unavinyonyesha saa ngapi?"

"Toka hapa, mkia huna, aibu huna."

Pimbi akacheka, akang'oa miche kadhaa, akaenda zake. Mbega akamtukana hadi akapotea machoni.

Mchana, Chui akiwa amelala, Mbega alishuka roho mkononi. Akapanda miche ukingoni mwa uwanda, akakimbilia mtini. Akapanda, akakimbia. Akapanda, akakimbia. Mpaka ikaisha yote.

Kipupwe kilikuwa kimeshaanza. Alfajiri iliyofuata uwanda ukawa mweupe kama uliomwagiwa chumvi. Umande ulikuwa umeganda. Jua lilipotoka, miche ya Mbega ilikuwa imelegea. Baada ya siku chache ikawa ya kahawia. Yote ilikufa. Mbega akaketi akilia kama aliyefiwa.

Pimbi akaja matangani. "Pole kwa msiba, mtani. Muuaji amepatikana?"

"Leo sitaki utani, Pimbi."

"Muuaji ni wewe. Njoo uone mali yangu ya wizi."

Akampeleka kwenye jabali lake. Ile miche aliyoiiba ilikuwa pale, ameichomeka kwenye udongo. Mifupi, migumu, sindano zake zimegeuka rangi ya zambarau. Ncha ya juu imejifunga kama ngumi. Ilikuwa hai.

"Uliipa nini?" Mbega akauliza.

"Sikuipa kitu, mimi mvivu, unanijua. Ikaja baridi ndogo, miche ikaacha kurefuka. Ikaja nyingine, ikajifunga. Ilipokuja hii kubwa, iliikuta imejiandaa. Yako uliitoa kwenye nyasi, ukaitupa kwenye barafu siku hiyo hiyo."

Mbega akaigusa ncha iliyojifunga. Kisha akasema, "Nilidhani kuifunika ndiko kuipenda."

Pimbi akaacha kucheka. "Uliipenda, mtani. Ila uliyekuwa unamfunika ni Sikitu."

Mbega akasia tena. Baridi ilipokaribia, akapunguza maji. Akatoa nyasi kidogo. Kesho yake, kidogo zaidi. Aliumia mno. Upepo ukivuma, mikono inamuwasha kwenda kufunika, anaikalia. Miche ikadumaa, ikageuka zambarau, naye hakuifunika. Akaipeleka uwandani. Umande ukaganda, miche ikasimama.

Ikakua. Mbega akasimama juu ya hiyo, akapanda mingine mbele yake. Na mingine. Na mingine. Miaka ikaenda.

Misonobari ilipougusa mlima wa pili, Mbega alikuwa kikongwe. Mikono haikuweza tena kuruka. Akaketi kwenye tawi, akaita, "Rurrr!"

Kimya.

Akaita tena. Kimya. Akaita mpaka sauti ikakauka. Akasema, "Nimechelewa. Mwanangu hayupo tena."

Mara matawi yakatikisika, kwacha, kwacha, kwacha. Akatokea mbega mtu mzima, anahema, mtoto mchanga amemng'ang'ania kifuani. Alikuwa Sikitu.

"Mbona nakuita huitiki?" mama akauliza.

"Nilikuwa naruka, mama. Pumzi ya kuitikia ningeitoa wapi?"

Mama akamshika, hakumwachia. Wakalia wote wawili, na mtoto akalia kwa kuwaona wanalia.

Basi, nyie wakubwa mnaojifanya hamsikii, hii ni yenu pia. Umpendaye usimfunike kupita kiasi. Mzoeshe baridi kidogo kidogo, ili ile kubwa imkute amesimama. Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya tawi; mwenye yake naye aitoe.