Mji wa Mioshi Arobaini

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko na funguo za milango kama sisi, palikuwa na mji ulioitwa Kisimani. Sogeeni. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, nataka kusikika.

Mji huo ulikuwa na kisima kimoja tu. Mwenyekiti wake, Kiboko, aliweka sheria: majiko yafuke mioshi arobaini, kila nyumba moshi mmoja, isizidi hata mmoja. Sheria haikuwa mbaya, jamani! Mwaka mmoja walijazana hapo mpaka kisima kikakauka, wakabaki kulamba matope. Basi kila asubuhi Kiboko alipanda kilimani, he! he! he! anahema, akahesabu mioshi. Ikitimia arobaini, anashuka kunywa uji. Kuingia nyumbani kwa mtu kuchungulia jiko lake ilikuwa aibu kubwa, hakuna aliyethubutu.

Bi Digidigi alikuwa akiwatekea maji wakubwa wa mji huo kutwa nzima. Jioni ilibidi atoke na wanawe wawili wakalale vichakani, kwa Chui. Juzi tu Chui alikuwa amemkosakosa yule mdogo. Mama wa watu alilia mpaka macho yakavimba.

"Mwenyekiti, nipe japo kibanda," aliomba.

"Mioshi imetimia, Bi Digidigi. Nifanyeje?"

Siku moja alikuwa akipeleka maji kwa Mzee Tembo, mwenye nyumba nne. Akamkuta anazunguka na kijinga cha moto. Jiko hili anawasha, jiko lile anawasha. Watu? Hakuna. Nyumba tatu zilikuwa tupu! Tembo alikuwa akingoja mpangaji wa kumpa madebe kumi ya asali kila mwezi. Nani ayatoe? Huku akingoja, aliwasha moto ili nafasi zake zisichukuliwe.

"Mbona majiko hayana sufuria, mzee?"

"Umeleta maji au umeleta umbea?"

"Maji, mzee, maji!"

Akashtaki? Tembo angekana, na nani angekwenda kuchungulia? Bi Digidigi akatimua mbio, tip-tip-tip, mpaka kwenye kidimbwi cha Kiboko.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba."

"Maskini weee! Maji yanakuishia magotini? Mgongo wote umepauka!"

"Acha tu, mwanangu. Nawashwa mpaka naona haya."

"Si mchimbe kisima cha pili? Kila moshi utoe mtu wa kuchimba siku tatu. Mwenye moshi mmoja, siku tatu. Mwenye miwili, siku sita."

Kiboko akafungua jicho la pili. "Na mimi nitaoga mpaka masikioni?"

"Mpaka masikioni!"

Kiboko akajipiga tumbo kwa furaha, chubwi! maji yakamlowesha Bi Digidigi mwili mzima.

Kesho yake baragumu likalia, wote wakakusanyika. Kiboko akaanza kuwataja. "Twiga, moshi mmoja, siku tatu! Nyati, moshi mmoja, siku tatu! Tembo, mioshi minne, siku kumi na mbili!"

"Ati nini?" Tembo akaruka. "Kumi na mbili? Mimi nalala nyumba moja tu!"

"Mioshi ni minne. Nimehesabu mwenyewe."

"Hizo tatu hazina mtu! Hata panya hamna! Moto nauwasha mimi mwenyewe!"

Shingo zote zikamgeukia.

"Heee!" Bi Digidigi akapaza sauti kutoka nyuma. "Kumbe mzee wetu anapikia hewa?"

Walicheka hao! Twiga alicheka mpaka akakaa chini. Tembo akajiziba mdomo kwa mkonga, lakini maneno yalikwisha toka.

Kiboko hakucheka. "Miaka yote hii nawafukuza watu kwa ajili ya moshi wako! Chagua: uchimbe siku kumi na mbili, au zile tatu wakae watu, kwa debe moja la asali kwa mwaka."

Tembo akautazama ule udongo mgumu. Akatoa ufunguo wa kwanza. Akatoa wa pili. Wa tatu aliushika kidogo, halafu naye akautoa.

Bi Digidigi akapata nyumba moja, Kanga akapata ya pili, Nungunungu ya tatu, nao pia walikuwa wakilala vichakani. Wakachimba zamu zao kama wenzao, Bi Digidigi na vikwato vyake vile, cha! cha! cha! Kisima cha pili kilipotoa maji, kidimbwi kikajaa, Kiboko akaogelea mpaka masikioni, akatangaza mioshi mingine kumi.

"Kumi tu!" akanguruma. "Mkitaka zaidi, chimbeni cha tatu kwanza."

Siku hiyo Bi Digidigi alifunga mlango kwa ndani, akawalaza wanawe, naye akalala fofofo.

Basi nanyi shikeni hili: nafasi zikiwa chache asizikalie mmoja, na kabla ya kuongeza nyumba, ongezeni maji.