Mbula Aende Kuishi kwa Nani?

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Nina habari ya watu wanne wa tumbo moja, na nikiimaliza sitawatajia mshindi, kwa sababu mimi mwenyewe simjui. Nimeipima mara nyingi, na kila mara mizani imelalia upande mwingine.

Upande wa Misungwi, huko Usukumani, aliishi mwanamke aliyeitwa Mbula. Wazazi wake walifariki yeye akiwa msichana wa kuolewa, wakamwachia wadogo watatu: Ndalahwa, Nyanzobe na Luhende. Wachumba walikuja. Walipoona watoto watatu wameshika upindo wa kanga yake, wakaaga kwa adabu, wakaenda zao. Mbula hakuwaita warudi. Aliingia kwenye majaluba ya mpunga ya baba yake, akasimama ndani ya maji msimu baada ya msimu, akalima, akawalea.

Wadogo wale kila mmoja alijaliwa lake. Ndalahwa alijaliwa jicho. Aliuona unywele ndani ya uji kabla bakuli halijatua chini, na alipokua akawa fundi saa mjini Shinyanga. Nyanzobe alijaliwa ulimi. Aliolewa Tabora, akawa anauza vitenge sokoni, na mtu aliyekwenda kwake kutazama tu alirudi nyumbani na kifurushi kwapani. Luhende, kitinda mimba, alijaliwa mikono. Alichokishika kilitulia, awe ndama mkorofi au mtoto anayelia. Yeye alikwenda Geita akawa mwoka mikate.

Waliondoka mmoja mmoja, Mbula akabaki. Kwa muda mrefu aliendelea kupika kwa sufuria kubwa, kisha akaushika mwiko mkononi na kukumbuka kwamba hakuna wa kumwita. Wao nao huko walikokuwa hawakupona upweke huo. Ndalahwa alikuwa na mke mwema na meza iliyojaa, lakini alimwambia mkewe siku moja kwamba hajawahi kushiba tangu aondoke nyumbani. Mke alijua kwamba hasemi chakula.

Sasa sikilizeni alilofanya mwenye jicho.

Ndalahwa alikwenda kumsalimia dada yake baada ya mavuno. Wakakaa wakazungumza, Mbula akacheka kama kawaida yake. Lakini Ndalahwa aliona kwamba dada hanywi maji, analowesha midomo tu. Aliona akiinuka anashika chini ya kitovu, na kwamba anakwenda chooni, anarudi, na kabla hajakaa vizuri anakwenda tena. Asubuhi alipoingia bafuni kuoga, aliona kwenye jiwe la kusimamia doa la damu lililosuuzwa kwa haraka. Mbula alikuwa na umri ambao mwanamke hana tena damu ya mwezi.

Akasimama pale na ndoo yake ya maji. Atamwambia nini? Mbula alikuwa dada yake, na alikuwa kama mama yake. Mwanamume hamwulizi mama yake habari za mkojo. Akaoga, akaaga, akarudi Shinyanga. Dukani akawa anafungua saa za watu na kuzifunga bila kuzitengeneza. Mwishowe alishindwa, akampigia simu Nyanzobe.

"Dada Mbula anakojoa damu," alisema. "Nimeona."

"Umemwuliza?"

"Nitamwulizaje, Nyanzobe? Ningeanzia wapi?"

Kesho yake Nyanzobe alipanda basi la Misungwi, mtoto mchanga mgongoni.

Hapo ikaja kazi ya mwenye ulimi.

Mbula alimsikiliza akatikisa kichwa. "Ni kichocho hicho. Nani wa majalubani hana kichocho? Nilishameza dawa zamani. Kitapita."

Nyanzobe hakubishana naye. Alimsaidia kupeta mchele, akamsengenyea mawifi wa Tabora, akampa mtoto ampakate. Mbula alipokuwa amemshika mtoto, Nyanzobe akasema taratibu, "Dada, kaka zangu wana dada wawili. Wewe ukiondoka, watabaki na mimi. Mimi nina dada mmoja tu. Nikisema 'dada', ataitika nani?"

Mbula akamtazama mtoto kwa muda. Kisha akaenda ndani kutafuta gauni la safari.

Katika hospitali kubwa ya Mwanza walimpima mkojo, wakamwingiza kamera nyembamba, wakakata kinyama kidogo wakakichunguza. Daktari aliwaita ndugu wote wanne. Akawaambia bila kuzunguka kwamba ni saratani ya kibofu cha mkojo.

"Imetokana na nini?" aliuliza Luhende.

"Kwa hakika siwezi kusema," daktari alijibu. "Ila mtu aliyekaa na kichocho miaka mingi, kibofu chake huumia, na wengine hupata saratani hii. Mama amefanya kazi kwenye maji?"

Watatu wale kila mmoja alitazama sakafu. Walijua nani alisimama ndani ya maji yale, na kwa ajili ya nani. Mbula ndiye aliyesema, "Kidogo tu, mwanangu. Kidogo."

Daktari akaeleza kwamba saratani haijatoka nje ya kibofu, na njia ya kumwokoa ni kukitoa kibofu chote. Wangetengeneza tundu dogo tumboni, na mkojo ungekuwa unaingia kwenye mfuko uliobandikwa juu ya ngozi, maisha yake yote.

Mbula akakataa. Alijifunika shuka hadi kichwani, akasema kwamba amezaliwa mzima na atazikwa mzima. "Nitakaaje na watu? Nitakwendaje kanisani nanuka?"

Nyanzobe alikaa kando ya kitanda kile. Siku ya kwanza alizungumza, shuka halikufunuliwa. Siku iliyofuata akasema, "Ukitoka hapa, njoo Tabora. Nitakupa chumba cha upande wa jua. Kwangu hakuna atakayetazama tumbo lako. Tutakaa tunazungumza mpaka tuchoke, kama zamani. Mimi nimekumiss, dada. Nauza vitenge kutwa nzima, naongea na watu wote, na sina wa kuzungumza naye."

Shuka likateremka taratibu. "Chumba cha upande wa jua?" Mbula aliuliza.

"Ndiyo."

"Haya. Nikipona nitakuja."

Akapasuliwa, na kibofu kikatolewa.

Sasa msikilizeni na mwenye mikono.

Nesi aliwafundisha namna ya kuutunza ule mfuko: kuubandua polepole, kuosha ngozi kwa maji ya uvuguvugu, kuikausha kabisa, kukata tundu la mfuko mpya lilingane na tundu la tumboni, kuubandika bila mkunjo. Nyanzobe alijaribu. Alikata tundu kubwa mno, mfuko ukavuja, ngozi ikachubuka, Mbula akang'ata meno asilie. Nyanzobe alitoka nje ya wodi akalia yeye. Ndalahwa alifika mlangoni, akaona, akageuza uso.

Luhende akanawa mikono, akavuta kiti.

"Toka," Mbula alimwambia. "Wewe ni mwanamume, na mimi ni dada yako."

"Ni kweli," Luhende alisema. Lakini hakutoka. Mbula akageukia ukutani, machozi yakamtiririka.

Luhende alianza kazi, na alipokuwa akifanya kazi alisimulia habari za mikate. Alisema ngano ya siku hizi haivimbi sawasawa. Alisema amira aliyonunua juzi ilikuwa imelala, akaibembeleza kwa maji ya uvuguvugu na sukari. Hakusema lolote juu ya tumbo, wala kidonda, wala mfuko. Alisema tanuri lake lina upande mmoja unaounguza.

"Kwa hiyo mikate ya upande huo unaifanyaje?" Mbula aliuliza, bado anatazama ukuta.

"Naigeuza katikati ya kuiva."

"Si ungeziba kwa udongo wa kichuguu."

"Sikuwaza hilo," alisema Luhende. Mfuko ulikuwa umeshabandikwa, na haukuvuja.

Mbula aliporuhusiwa kutoka, Luhende alikwenda naye Misungwi. Alilizima tanuri lake Geita, wateja wakatafuta mkate kwingine. Watu wa kijijini walinong'ona: mwanamume gani anamwosha dada yake? Luhende aliwasalimia akapita na beseni lake. Alikaa hadi ngozi ikapona, hadi Mbula akawa na nguvu, hadi siku moja akaacha kutazama ukuta, akamtazama usoni wakati wa kazi ile. Siku hiyo Luhende hakuwa na habari ya mikate. Wala haikuhitajika.

Mbula akajifunza mwenyewe kubadilisha mfuko. Alirudi kanisani, akaketi katikati ya watu, hakuna aliyejua lolote. Vipimo vikaonyesha kwamba saratani haipo. Daktari akasema, "Utakuja nikuangalie mara kwa mara. Majalubani usiingie tena. Na usiishi peke yako. Siku mfuko ukisumbua au homa ikikupata, awepo mtu karibu."

Mbula alifunga vitu vyake, akampangisha jirani majaluba. Hakuomba mtu aje kumchukua. Walikuja wenyewe, wote watatu, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Walikutana uani, wakasalimiana, wakaingia ndani wakakaa.

Ndalahwa alianza, kwa kuwa ndiye mkubwa wao. "Dada, nimekuja tuondoke. Mimi ndiye niliyeona. Nisingeona, tungekuwa tunasimulia habari nyingine leo. Na nitaendelea kukutazama. Hakuna dalili itakayonipita tena. Niliona, nikakawia kusema. Nyumbani kwangu nataka nisikawie."

"Uliona, kaka, ndiyo," alisema Nyanzobe. "Lakini kuona hakukumfikisha Mwanza. Mara mbili alikataa, mara mbili nilimrudisha. Na aliniahidi. Dada, si uliniahidi? Chumba kile nimekipaka chokaa. Watoto wanauliza kila siku mama mkubwa anakuja lini."

Luhende alikuwa akiitazama mikono yake. "Sina hoja," alisema. "Kaka aliona, dada alisema. Mimi niliosha tu. Ila niliporudi Geita nikakuta asubuhi nachemsha maji ya uvuguvugu, nayaweka kwenye beseni, halafu sijui nayapeleka wapi. Mke wangu ameyaona yale maji. Ndiye aliyeniambia, nenda kamlete."

Mbula aliwasikiliza wote. Uso wake ulikuwa na furaha na huzuni kwa pamoja.

"Mnajua ninachokitamani mimi?" alisema. "Natamani ule mkeka wetu mmoja, mlipokuwa mnalala wote wanne, na mimi wa nne, mwingine anapiga teke, mwingine anavuta shuka. Hicho hakuna kati yenu anayeweza kunipa. Basi msinidanganye, na mimi sitawadanganya."

"Tulikuwa watatu, dada," Ndalahwa alisema. "Na wewe wa nne."

"Mimi nawahesabu hata sasa nakosea," alisema Mbula.

Nyanzobe akasema, "Basi ukae kwa zamu. Msimu huu kwangu, ujao kwa kaka."

"Hapana." Mbula alitikisa kichwa. "Mimi si mgeni wa kuzungushwa. Nimebakiwa na nyumba moja ya kuzeekea. Nataka niamke gizani nijue mlango uko wapi. Chagueni nyinyi, maana nikichagua mimi nitakuwa nimewakana wawili."

Wale watatu wakatazamana. Hakuna aliyesema "nichague mimi", na hakuna aliyesema "nakuachia". Nje, dereva wa gari alilokodi Luhende kwa safari ya kwenda stendi alipiga honi kidogo kuwakumbusha, Luhende akatoka akamwomba asubiri.

Ndugu zangu, dereva yule bado anasubiri, na mimi nimefikia mwisho wa ninalolijua. Aliyeona, bila yeye hakuna aliyejua. Aliyesema, bila yeye hakuna aliyekwenda, tena ana ahadi. Aliyeosha, bila yeye mgonjwa asingekubali kuishi na mwili wake mpya. Wote wanamtaka, na yeye anawataka wote, na nyumba ni moja.

Haya, anzeni huku mbele. Wewe ungemkabidhi nani mizigo ya Mbula, na ungewaambia nini wale wawili watakaorudi makwao peke yao?