Wasio na Kazi

Paukwa, enyi mlioshiba! Pakawa, na aliyepika bado hajala.

Zimwi lilipiga hodi mjini: "Nipeni wasio na kazi, la sivyo nitawameza nyote!"

Mwanakheri alikuwa akimnywesha mama mkwe uji. Akamsikia mumewe, mhunzi, akijibu mlangoni: "Mimi nina kazi. Mke wangu yuko nyumbani tu."

Mlango wa pili, hivyohivyo. Wa tatu, hivyohivyo. Zimwi likawazoa wanawake wote hadi pangoni mwake.

Kulipokucha, moto umezimika, watoto wanalia, kikongwe hajageuzwa kitandani. Waume wakakimbilia pangoni, wakakuta zimwi limeogeshwa, limeshiba, linasinzia.

"Mke wangu, rudi! Mama anateseka!"

Moyo ukamuuma Mwanakheri. "Mama mlete. Watoto pia walete. Wewe rudi, mume wangu. Si una kazi?"