Unga wa Sufuria

Wapendwa, nifuateni hadi jikoni kwa mama mmoja aliyekuwa fundi wa kuoka. Mkono wake ulisifiwa mtaa mzima, na watu hawakufunga harusi pale bila mikate yake. Mama huyo alikuwa na wifi, mke wa kaka yake, ambaye alianza kudhoofika. Tumbo lilimjaa gesi kila alipokula, nywele zilikatika, usingizi ulimtoroka, na siku zake za mwezi zikakoma kabla hajapata mtoto.

Daktari alimpima, kisha akamweleza kwa utaratibu. Mwili wake unaikataa ngano. Ngano inamchubua utumbo, utumbo uliochubuka haunyonyi chakula, na mwili usiolishwa huvurugika homoni zake. Kwa hiyo asionje ngano, hata chembe. Pamoja na hayo alale mapema, atembee asubuhi, ale kwa saa zake na apunguze sukari.

Mwokaji aliposikia alisema, "Wifi, la mkate niachie mimi. Kaka yangu alikuoa mnene, sitakubali ukondee mikononi mwetu, watu waseme ukoo wetu una njaa." Wakacheka, maana mawifi ni watani.

Na kweli alijituma. Aliloweka mchele, akausaga kwa tui la nazi, akatia iliki na hamira, akasubiri uumuke, ndipo akaoka mkate wa kumimina ulionukia hadi barabarani. Siku nyingine alioka wa mtama na ndizi mbivu. Mgonjwa naye alishika masharti yote: alilala mapema, alitembea, chai aliinywa bila sukari. Hata hivyo hakupona.

Sasa nawauliza: mtu akitunzwa asipone, sisi humshuku nani? Tunamshuku aliyemtunza, au tunamshuku yeye?

Mwokaji alimshuku mgonjwa. Akaenda kwa mama yake mzazi, akamwambia, "Mama, mkweo anakula chapati kwa siri. Mikate yangu haina ngano, mimi mwenyewe ndiye ninayeioka." Mama akamwita mwanawe, akamwonya kwamba atakosa mtoto kwa ulafi wa mkewe, na kwamba wanawake hawajaisha duniani. Maneno hayo yakamfikia mgonjwa. Hakugombana na mtu. Alifunga nguo zake, akahamia kwa wifi yake.

"Nimekuja unichunge," alisema. "Nitakula kitokacho mkononi mwako tu. Ukinikuta na chapati, nirudishe kwetu wewe mwenyewe."

"Haya, karibu. Lakini ujue kabati nalifunga, na mimi silali fofofo," mwokaji akajibu, na safari hii hakuna aliyecheka.

Akamchunga kwelikweli. Walikula pamoja, walitembea pamoja, hata sokoni waliongozana. Mgonjwa akazidi kudhoofika. Hapo hofu ikamwingia mwokaji, kwa kuwa hoja yake ilikuwa imevunjika: chapati hakuna, siri hakuna, na ugonjwa upo palepale.

Asubuhi moja mgonjwa alivuta kigoda, akaketi kumtazama akioka. Mwokaji aliosha mikono, akaosha blenda, akasaga mchele, akaukoroga. Akaipaka sufuria samli. Kisha mkono wake, bila kumwomba ruhusa, ukaingia katika ndoo ya unga wa mikate ya harusi, ukachota kidogo, ukanyunyiza ndani ya sufuria, ukaigonga kitako ili unga uenee.

"Wifi, hicho ni nini?"

"Unga, ili mkate usigande. Ndivyo mama alivyonifundisha."

"Unga wa nini?"

"Wa ngano. Lakini huu si wa kula, wifi. Huu ni wa sufuria tu..."

Mwokaji aliitazama sufuria, akamtazama mgonjwa, akaketi sakafuni. Kwa muda wote ule mkono mmoja ulikuwa ukilisha kwa upendo na kudhuru kwa mazoea.

Wapendwa, mama yule hakuwa mwovu, na hilo ndilo linalopaswa kututisha. Sisi ndio waokaji. Tunampokea ndugu aliyeacha pombe, tunamwombea kwa machozi, kisha kwenye sherehe zetu tunamkalisha meza yenye chupa, kwa sababu ndivyo sherehe zetu zilivyo. Tunamfundisha mtoto ukweli, kisha mgeni akibisha hodi tunamtuma akaseme baba hayupo. Ndugu anapoanguka, mtoto anapodanganya, tunakwenda kwa mama kushtaki: huyu ana lake la siri.

Mwokaji yule alisimama, akamshika wifi yake mkono, wakaenda kwa mama. Akasema mbele ya kaka yake, "Mliyemhukumu hakula kitu kwa siri. Mimi ndiye niliyemlisha." Wangapi kati yetu tunaweza kuifunga safari hiyo? Leo, kabla hujamuuliza asiyepona amekula nini, nenda kwanza ukatazame unachompikia.