Udongo wa Kaburi la Nyanzobe

Hapo zamani, na wala si zamani sana, maana wengine wetu moshi wake bado tunaukohoa, kulikuwa na kijiji cha warina asali pembeni mwa pori. Huko moto ulikuwa na mwenyewe. Mvua zikishaisha, nyasi zingali na ubichi kwa chini, mama mmoja, Kalunde, alitoa kijinga cha moto jikoni kwake akachoma pori vipande vipande. Moto ulitambaa, ukala nyasi, ukaacha miti na mizinga ya nyuki, ili kiangazi kikikolea moto mkubwa usipate cha kula. Mwingine yeyote hakuthubutu kuwasha, na kazi hiyo angekuja kumwachia binti yake, Nyanzobe.

Basi akaja Bwana Misitu na gari la serikali. "Kuanzia leo, anayechoma pori ni mharibifu. Nikiona moshi nisimjue mwenye moto, nawahamisha wote."

Kalunde akachoma vilevile, kama alivyofundishwa na mama yake. Moshi ukaonekana. Mihayo, mwenyekiti wa kijiji, shemeji aliyekula chakula cha Kalunde miaka yote, akanyoosha kidole: "Ni huyu." Loo! Shemeji gani huyo!

Kalunde akafungwa. Kule gerezani alimsubiri mtu wa kwao aje hata kumjulia hali tu. Hakuja mtu ila Nyanzobe. Wengine walikuwa wakirina asali, kwenye mizinga iliyosalimika kwa moto wake. Niambieni, nyie mngetoka na moyo gani?

Alipotoka, mvua zilikuwa zimeisha tena, na nyasi zisizochomwa zilimpita mtu kimo. Wakaja kwake wote, Mihayo mbele.

"Shemeji, tusaidie. Toa moto."

"Moto gani? Si mimi ni mharibifu?"

"Hayo tuyaache, shemeji."

"Yaacheni nyie. Mimi bado ninayo."

Nyanzobe akamlilia: "Basi nipe mimi, mama."

"Hata wewe sikupi. Waache waone." Na nisiwafiche, kusema hivyo kulimpa raha.

Nyanzobe akangoja mama abadilike, nyasi nazo zikazidi kukauka. Ikafika siku, mama yake akiwa kisimani, akachukua kijinga akaenda kuchoma mwenyewe. Namna ya kuchoma aliijua. Wakati ndio uliokuwa umepita. Upepo ukageuka. Pori likaungua, mizinga ikaungua, Nyanzobe akaokotwa kwenye majivu.

Sasa, kijiji kile kina mwiko. Mtu akiuawa na moto, mwenye kosa la moto ule hagusi udongo wa kaburi. Anakaa mbali, anatazama wenzake wakizika.

Bwana Misitu naye alikuja mazishini, na jembe lake. Mihayo akamzuia. "Weka chini. Umekataza moto mdogo, ukatuletea mkubwa."

"Sheria nilipewa, sikuitunga. Wewe ndiye uliyemuuza mwenye kazi yake."

"Nilimtaja mmoja ili kijiji kibaki. Tungehamishwa, leo tungemzika wapi? Na tulipomwangukia Kalunde miguuni, nani alikataa?"

Mama mmoja nyuma akanong'ona kwamba kosa ni la marehemu, aliyeiba kijinga. Kalunde akamgeukia kwa ukali. "Mwanangu usimguse! Yeye alikuja gerezani. Wewe ulikuwa wapi?"

Kalunde tayari alikuwa na udongo mkononi, ameufumbata kwa nguvu.

"Nilikasirika," akasema. "Na nilikuwa na haki ya kukasirika. Lakini huyu ni wangu, nimemzaa mimi. Nisipomzika mimi, nani atamzika?"

Hakuna aliyesogea mbele, hakuna aliyerudi nyuma. Jua likazidi kuwa kali, na mtoto wa watu yumo shimoni, hajafukiwa.

Haya, nyie mliokaa hapo mnatikisa vichwa, hukumuni. Je, nani alistahili kuambiwa auache ule udongo?