Sarafu ya Masultani Wawili

Inasimuliwa kwamba zamani, katika mji mmoja wa Khurasani, aliishi mfua sarafu aliyeitwa Labidi bin Mudhari, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mcha Mungu hasa. Kila alipoinua nyundo alimtaja Mola wake, na dhikri ikimkolea alifumba macho, akagonga bila kutazama. Mwenzake Fudhaili, mtu wa mzaha, alikuwa akimwambia, "Sheikh Labidi, tazama kazi. Pepo haikimbii." Moyoni Labidi alimwona mtu wa imani haba.

Sarafu zilifuliwa kwa mihuri miwili: wa chini umepachikwa kwenye fuawe, wa juu unashikwa mkononi, na kipande cha fedha kati yake. Siku hizo sultani alikuwa amepinduliwa na nduguye. Jina la yule wa zamani lilichongwa kwenye muhuri wa juu. Huyu mpya akaagiza lake liwe kwenye muhuri wa chini. Kwa uzembe wa kiwanda, mihuri ya zamani ilitupwa katika karai lile lile la maji walimopoozea mihuri iliyopata moto, ikingoja kuvunjwa. Na kulitaja tu jina la zamani lilikuwa kosa la kukatwa kichwa.

Adhuhuri moja Labidi alirudi kutoka kuswali, ulimi ungali kwenye dhikri. Akatia mkono karaini, akatoa muhuri wa juu, akafumba macho, akafua.

Sarafu ile ikafika mikononi mwa sultani mwenyewe: upande huu jina lake, upande wa pili jina la nduguye. Askari wakaja kiwandani, wakamkamata Fudhaili, kwa kuwa aliwahi kumtumikia sultani wa zamani.

Mafundi wote wakapangwa barazani kwa sultani. Fudhaili alipigishwa magoti, mwenye upanga nyuma yake. Sarafu ikapitishwa mkono kwa mkono, kila mmoja auone uhaini. Ilipomfikia Labidi, aliitambua kazi ya mkono wake. Maandishi yalizama zaidi upande mmoja, alama ya nyundo ya mkono wa kushoto, na katika kiwanda kizima hapakuwa na mashoto ila yeye. Wengine hawakuling'amua hilo. Akawakumbuka wanawe. Akatamani, Mungu amsamehe, upanga ushuke upesi yaishe. Upanga ukainuliwa.

"Ni mimi!"

Sultani akamkazia macho. "Nani aliyekutuma?"

"Hakuna, Maulana. Nilikuwa nikimtaja Mwenyezi Mungu, nikafumba macho."

"Kumbe kosa unambebesha Mola wako?"

"Hasha! Kosa ni langu. Nilikabidhiwa amana nisiitazame, na huyu akinionya nikamdharau."

Akaomba nyundo, fuawe na mihuri, akafua sarafu mbele yao. Nayo maandishi yake yalizama upande ule ule.

Sultani alizilinganisha sarafu zote mbili. "Nimezungukwa na watu wanaojua kunyamaza," akasema. "Mfungueni huyo. Na huyu mashoto arudi kazini."

Wakitoka, Fudhaili alisema, "Umechelewa kidogo, Sheikh, lakini umefumbua macho." Labidi alilia njia nzima.

Tangu hapo alimtaja Mola wake macho wazi, akiitazama kila sarafu kabla ya kuitia kikapuni. Waja wa Mwenyezi Mungu, tusidanganyane. Tasbihi zisizo na idadi zilimtoka Labidi kwa wepesi, bali maneno mawili tu, "Ni mimi," nusura yamshinde. Na ndiyo yaliyoiokoa shingo ya mwenzake.